Vibati vya shaba vya treni ya modeli vilivyonunuliwa kwenye mitumba Mlango Mmoja, Mwanza

Kaka, umeuliza utajuaje vibati hivyo ni vya injini gani: usivikate kwanza. Ile fremu ya pembeni inayoonekana kama taka ndiyo mara nyingi hubeba herufi au namba, iinamishe juani utaziona. Ikiwa tupu, pima kwa venia (rula ya kubania yenye vipimo vidogo) kati ya matundu ya ekseli. Gawa kipimo hicho kwa 4, halafu kipimo hichohicho kwa 7, upate futi za injini halisi, maana modeli nyingi za Uingereza ni milimita 4 au 7 kwa futi. Ukipata milimita 29 na 33, kwa 4 ni futi 7 inchi 3 na futi 8 inchi 3: hiyo inanukia GWR (Great Western Railway, kampuni ya zamani ya reli Uingereza), mfano injini za aina ya 5700. Ila GWR walirudia nafasi hizo kwenye injini nyingi, kwa hiyo linganisha pia umbo la kibanda cha dereva. Mimi huunga vibati kama hivi kwa risasi ya kulehemu hapa Igoma.