Bei ya Nyama Huku Chicago

Ndugu zangu, mmeniuliza inakuwaje nalalamikia bei ya nyama nikiwa Chicago, mji uliotajirika kwa kuchinja ng'ombe, na kwa nini rais asiwaamuru wenye viwanda waishushe. Nitawajibu bila kuficha: yupo rais aliyewashinda mahakamani, na mlaji akaendelea kulia.

Nikienda kazini hupita penye lango la mawe la Union Stock Yards, mnada wa mifugo uliofunguliwa mwaka 1865 na kufungwa 1971. Juu ya tao lake kimechongwa kichwa cha ng'ombe, ndicho kinachowatazama wapita njia siku hizi. Mwanzoni mwa karne iliyopita matajiri wachache, Swift, Armour na Morris wakiwa mbele, walimiliki viwanda pamoja na mabehewa ya barafu yaliyopeleka nyama hadi miji ya mashariki. Mashtaka ya serikali yalikuwa kwamba mawakala wao walikubaliana wasipandishiane dau mnadani, hivyo mfugaji akauza kwa hasara, huku mnunuzi wa mjini akilanguliwa.

Mei 1902, ratili moja ya nyama ilipopanda kutoka senti 12 hadi 18 huko New York, akina mama wa Kiyahudi walisusia mabucha, kisha wakayavamia na kuitupa nyama barabarani. Mwaka huohuo serikali ya Rais Theodore Roosevelt iliwashtaki matajiri hao kwa sheria ya mwaka 1890 inayokataza kuhodhi biashara, na Januari 1905 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, ikaunga mkono amri ya kuwazuia wasiendelee na njama hizo. Roosevelt alijipatia sifa, nami simnyimi, lakini mwaka 1910 watu walikuwa wanasusia nyama tena kwa sababu ileile ya bei. Mwaka 1912 baraza la wazee wa mahakama hapahapa Chicago liliwaachia huru wakuu wa viwanda hivyo katika kesi ya jinai, na mwaka huohuo Taft, Wilson na Roosevelt mwenyewe waligombea urais, kila mmoja akijinadi kuwa ndiye atakayeyadhibiti makampuni makubwa.

Ahadi za namna hiyo bado nazisikia kila uchaguzi. Jumamosi iliyopita niliishika pakiti ya nyama ya ng'ombe dukani, nikasoma bei, nikairudisha kwenye friji na kuchukua mapaja ya kuku. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba huku nako tunakula maharage, msidhani ninawaficha fedha.