Mzee Hakohoi Kama Kijana: Kwenu Mnaoanza Kliniki ya Kifua Kikuu

Karibuni Moshi. Najua mmeshakariri maswali yetu manne: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Kwa kijana yanatosha. Wa bodaboda atakuja anakohoa, shuka zinalowa usiku, pengine makohozi yana damu, na picha ya kifua inaonyesha mashimo sehemu ya juu ya pafu.

Mzee je? Mmoja aliteremka kutoka Kibosho na mkwewe. Nikampa shikamoo yake, nikauliza yote manne, kila swali akasema hapana. "Uzee tu, mwanangu." Kikohozi kipo, ila ni kile kile cha tumbaku cha miaka yote. Nilikuwa nimeshamwandikia dawa ya kikohozi. Aliposimama kuaga nikaona mkanda wake: matundu matatu yametobolewa kwa msumari, la mwisho bado jipya. Nikamrudisha kitini. Makohozi tuliyapata kwa shida kesho yake asubuhi, na GeneXpert, mashine ya kupima makohozi, ikaonyesha kifua kikuu. Picha yake haikuwa na mashimo. Ilikuwa na ukungu sehemu ya chini ya pafu, mtu angesema nimonia.

Homa na yale mashimo kwa sehemu kubwa hutokana na kinga inayopigana. Kinga ya mzee imechoka, basi ugonjwa unamla kimyakimya. Mara nyingi vimelea viliingia tangu ujana, vikalala, vikaamka mwili ulipolegea au kisukari kilipoanza. Kwa hiyo muulizeni mkwe: anamaliza chakula? Nguo zinampwaya? Siku hizi anachanganyikiwa?

Mzee akisikia jina la ugonjwa atawaza Kibong'oto, ile hospitali ya kifua kikuu, atadhani anakwenda kutengwa. Mwambieni mapema kwamba wengi humeza dawa wakiwa nyumbani, na mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa, asije akadhani ni damu akaacha.

Dozi ni ile ile ya miezi 6, lakini mwili wake hauipokei kama wa kijana. Ini huchoka upesi, kwa hiyo tazameni macho kama yana manjano, na habari ya mbege, pombe yetu ya ndizi, iulizeni kwa heshima. Miguu ikifa ganzi, ni isoniazidi, mojawapo ya dawa zetu za kifua kikuu; anahitaji vitamini B6. Rifampisini, dawa nyingine ya kifua kikuu, nayo hupunguza nguvu ya amlodipini ya presha na glibenklamidi ya sukari, presha na sukari vikapanda na dawa anameza. Vipimeni kila akija.

Kijana shida yake ni kupotea. Miezi 2 ikipita anajisikia mzima, huyo Mirerani kwenye machimbo ya tanzanaiti. Chukueni namba mbili za simu, moja ya mama yake.

Na mtoto wa miaka 3 akikutwa na kifua kikuu, muulizeni mama mtoto analala na nani. Akisema bibi, bibi aitwe apimwe, hata akiapa kwamba hakohoi.