Uliza Ujibiwe: Nyasi bandia juu ya mfinyanzi

SWALI: Habari za kazi. Ua wetu ni mita 6 kwa 5 na udongo ni mfinyanzi. Mvua ikinyesha asubuhi, jioni bado tunaruka madimbwi. Fundi anataka kusawazisha, atandike nailoni ya kuzuia magugu, mchanga kidogo, halafu kapeti la nyasi. Anasema kapeti lina matundu, maji yatapita tu. Ni kweli?
*Mama wa watatu, Goba*

JIBU: Kupita yatapita, mama. Shida ni yakishapita yanakwenda wapi. Nailoni haipitishi hata tone, na ukiitoa, mfinyanzi wenyewe haunywi. Mchanga utabaki umelowa, utachanganyika na tope kila watoto wakikanyaga, na masika moja tu kapeti litakuwa na mabonde.

Pima kwanza. Chimba shimo la sentimita 30 upana na 30 kina, lijaze maji, yakiisha lijaze tena, kisha simamisha kijiti chenye alama. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, ardhi haitakusaidia. Ukichimba na kujaza kokoto bila tundu la kutokea, umetengeneza karai tu.

Angalia na gata. Mvua ya milimita 20 juu ya mita za mraba 30 ni lita 600. Kama paa la mita za mraba 60 nalo linamwaga hapo hapo, ongeza lita 1,200. Hamisha bomba la gata kabla hujanunua hata toroli moja ya kokoto.

Sasa kazi yenyewe. Chimba sentimita 15 chini ya usawa unaoutaka: 10 za kokoto, 2 za chenga (vijiwe vidogo vya kokoto), 3 za kapeti. Mteremko ukatwe kwenye mfinyanzi wenyewe, sentimita 1.5 kwa kila mita, uangalie upande mmoja mrefu. Kwa ua wako ni sentimita 7.5 kutoka ukingo hadi ukingo. Mwambie fundi aupime kwa mpira wa maji wa kupimia usawa, si kwa jicho. Wengi huacha chini pakiwa bapa wakaweka mteremko kwenye kokoto. Kwa juu panapendeza, lakini maji yamelala chini yanaoza.

Ukingo wa chini chimba mfereji wa mita 6, upana sentimita 30 na kina sentimita 30. Tandika kitambaa cha jiotekstaili kwenye sakafu yote na ndani ya mfereji, vipande vipandane sentimita 30. Kinapitisha maji na kuzuia tope lisipande kwenye kokoto. Bomba ni PVC la inchi 4, lenye mistari miwili ya matundu ya milimita 8 kila sentimita 10. Matundu yaangalie chini kwa pembeni. Yakiangalia juu, mfereji lazima ujae ndipo bomba lianze kufanya kazi. Lilaze likishuka sentimita 1 kwa mita. Mwanzo wake pandisha kiwiko chenye kifuniko ili siku likiziba ulizibue kwa mpira. Mdomoni weka wavu wa kuzuia panya.

Mdomo huo utakuwa karibu nusu mita chini ya nyasi. Kama mtaro wa mvua hauna kina hicho, usichimbe: jenga ukingo na uinue ua. Shimo la kunywea maji kwenye mfinyanzi hujaa likabaki hivyo, na kuyaelekeza kwenye karo la choo ni kujitafutia balaa. Kwa jirani usiyaelekeze kabisa.

Agiza kyubiki mita 4 za kokoto safi za robo tatu inchi, na robo tatu ya kyubiki mita ya chenga za ukubwa wa choroko. Moramu na vumbi la kokoto kataa; vyote hushikana na kuziba. Shindilia kokoto kwa tabaka mbili, wakati wa kiangazi. Mfinyanzi mbichi ukishindiliwa hubonyea na kurudi kama unga wa chapati.

Kabla ya kapeti, mwaga ndoo kumi za lita 20 upande wa juu. Maji yatoke mdomoni mwa bomba na pasibaki dimbwi. Yakikwama, fukua siku hiyo hiyo, maana gundi haijapakwa bado.

SWALI: Roli za kapeti la nyasi zina upana wa mita 2. Ua wa mita 6 si vipande vitatu kamili?
*Msomaji, Mbezi*

JIBU: Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini kila ukingo wa kiungo hukatwa mistari miwili mitatu ya nyuzi, la sivyo kiungo kinaonekana kama kovu. Utapungukiwa karibu sentimita 10. Ziba kwa safu ya mawe pembeni. Nyuzi zote zilale upande mmoja. Acha kapeti juani kwa muda wa saa mbili likunjuke, na gundi ipakwe mahali pakavu kabisa.

SWALI: Tayari nimeweka, lakini upande wa ukingo wa zege kapeti linavimba na kunuka.
*Msomaji, Tabata*

JIBU: Huo ukingo ndio umepiga bwawa. Funua nusu mita ya kapeti, toboa zege kwenye usawa wa sakafu ya kokoto, tundu moja kila sentimita 50, uweke vipande vya bomba la inchi moja. Maji meusi yatatoka siku mbili tatu. Ukikuta tope ndani ya kokoto badala ya maji, hapo hakuna dawa ya juu juu: kokoto itolewe, kitambaa kiwekwe.

SWALI: Huku Kigamboni ni mchanga mtupu. Nami nihitaji bomba?
*Msomaji, Kigamboni*

JIBU: Hapana, kama shimo la majaribio linakauka kwa dakika chache. Kitambaa, sentimita 5 za kokoto, chenga, basi.