Jibu: Leaf ya 40 kWh, Nairobi–Naivasha na kurudi

Mkuu, umeuliza kama Nissan Leaf yako, gari la umeme lenye betri ya 40 kWh (kilowati-saa, kipimo cha umeme), itafika Naivasha kupitia Mai Mahiu na kurudi bila kuchaji. Kufika utafika bila wasiwasi, ni kama kilomita 90 tu. Kazi iko kwenye kurudi. Kila mita 100 unazopanda zinakula karibu nusu kWh, na ule ukuta wa Bonde la Ufa unaujua mwenyewe. Angalia vile vijiti vidogo vya afya ya betri kwenye dashibodi: vikiwa 12 vyote jaribu, vikiwa 9 panga kulala huko.

Ukishuka weka gia kwenye B, mota irudishe umeme badala ya kuunguza breki. Simama pale wanapouza ngozi za kondoo, uone bonde lote chini yako na mlima Longonot kwa mbele. (Bei ya kwanza usiikubali!)

Hoteli wapigie mapema, uulize soketi iliyo karibu na maegesho; "stima iko" si jibu. Kuchaji kwa muda wa saa kumi usiku kucha kwenye soketi ya kawaida kutakupa kama 20 kWh. Na gari likiwa la kutoka Japani, tundu lake la chaji ya haraka ni la aina ya CHAdeMO. Vituo vingi vipya vina CCS2, aina nyingine ya plagi isiyoingia kwenye tundu hilo, kwa hiyo uliza plagi kabla hujang'oa nanga.