Fundi wa Ala Anajibu: Ufa Kwenye Klarineti

*Fundi, shikamoo. Nina klarineti ya mbao niliyoinunua mkononi Dar es Salaam. Mwezi wa sita nimehamia Iringa, na sasa naona mstari mwembamba kama unywele kwenye kipande cha juu, karibu na zile funguo ndogo za pembeni. Sauti bado inatoka. Mwenzangu wa kwaya anasema niipake mafuta ya nazi kila wiki. Nifanyeje?*
Mpulizaji, Iringa

Marahaba. Kwanza acha kuipuliza. Leo, si baada ya ibada ya Jumapili.

Pitisha ukucha kukatiza mstari. Ukikwama, ni ufa. Ukiteleza, huenda ni nyuzi za mti tu. Kama ni ufa, weka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili ili ujue ukiendelea. Ufa mfupi ni kazi ndogo: fundi anatia gundi nyepesi ya kukauka haraka pamoja na unga wa mpingo, anasugua, basi. Ukishaingia kwenye tundu la sauti, hiyo ni shughuli nyingine na bei nyingine.

Klarineti nyingi za mbao ni mpingo, mti huuhuu wa wachongaji wa Kimakonde. Ya kwako huenda ilikatwa Kilwa au ng'ambo ya Ruvuma, ikaenda Ulaya, ikarudi na funguo zinazong'aa. Mpingo ni mzito hata unazama majini, ndiyo maana watu hudhani haupasuki. Unapasuka. Pumzi yako ina joto na maji. Ndani ya bomba mbao inakunywa unyevu na kutanuka, lakini nje, asubuhi ya Julai huko Iringa, imepoa na kukauka, haitaki kutanuka. Ndani kunasukuma, nje kunagoma.

Kwa hiyo ikishatengenezwa, ipashe joto kwapani ndani ya koti kabla ya kupuliza. Usiisogeze kwenye jiko la mkaa, tafadhali. Nimeshaletewa iliyopashwa hivyo, na funguo zilikuwa zimekwama zote. Wiki za mwanzo puliza dakika 15 au 20, pumzika, futa. Kitambaa cha kufutia kitandaze kwanza, kisiwe na fundo. Ndani ya kipande cha juu kuna kibomba kidogo cha ufunguo wa rejista (ule wa kupandishia sauti) kilichochomoza. Kitambaa kilichojikunja kinanasa hapo. Kikinasa, kirudishe kilikotoka. Ukikisukuma kwa kijiti utakigandamiza zaidi, na ukikosea utakipinda kibomba chenyewe.

Mafuta ya nazi, hapana. Chini ya nyuzi joto 24 hivi yanaganda, na kwenu hiyo ni karibu kila asubuhi. Yakifika kwenye pedi, vile vifuniko laini vinavyoziba matundu, zinanata na kushika vumbi. Mwenzako ayapake kichwani.

*Fundi, napiga saksafoni ya alto hotelini Unguja. Nikibonyeza ufunguo wa soli kali (noti ya soli iliyopandishwa nusu toni), inatoka soli ya kawaida. Nikitoka jukwaani nikaijaribu tena, mara inakubali, mara inakataa. Je, springi imekufa?*
M., Zanzibar

Springi ni nzima, ila ni dhaifu kwa asili yake. Funguo nyingine nyingi kidole chako ndicho kinachozisukuma. Hii ya soli kali, kidole kinaachia tu kizuizi, halafu springi nyembamba ndiyo inayoinua kifuniko. Pedi ikinata kidogo tu, springi inashindwa.

Sasa niambie, unakunywa nini kati ya nyimbo? Soda? Juisi ya miwa? Sukari inasafiri na mate hadi kwenye pedi. Chukua karatasi ya kusokotea sigara, iweke chini ya pedi, funga taratibu, hesabu tano, fungua, kisha itoe. Usiivute karatasi wakati pedi imebana, utachuna ngozi ya pedi. Rudia hadi karatasi itoke kavu. Kama bado inanata, futa ukingo wa tundu kwa pamba iliyoloweshwa maji kidogo, ukaushe. Poda, watu wanaipenda, lakini baada ya muda inageuka kuwa uji.

Na ukimaliza onyesho futa mwili wa saksafoni kwa kitambaa kikavu. Hewa ya bahari ina chumvi. Dawa ya kung'arishia shaba isiikaribie: inakula vanishi na mabaki yake yanajaa kwenye bawaba za funguo.

*Hujambo fundi, mdomo wa klarineti yangu una harufu. Niuchemshe?*
Msomaji, Mombasa

Sijambo. Usiuchemshe! Huo kwa kawaida ni mpira mgumu. Maji ya moto yanaupinda, yanaugeuza rangi ya kijanikijani, na harufu ya kiberiti utakayoipata ni mbaya kuliko hiyo uliyo nayo. Toa ridi (kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka ukipuliza), osha kwa maji ya baridi na sabuni kidogo ya vyombo, tumia mswaki laini. Ridi nayo kama ina madoa meusi, itupe.