Usisubiri mbavu zionekane ndipo ununue mashudu

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga ng'ombe wa nyama hapa Kishapu, mkoani Shinyanga, nilisubiri. Juni nyasi zilifika magotini na maksai waling'aa, nikaona chakula kipo. Septemba nyasi zilikuwa bado zimesimama, kavu kabisa, na mbavu za maksai zikawa zinahesabika. Nikakimbilia pumba za mahindi, gunia baada ya gunia. Hawakunenepa. Oktoba niliwapeleka mnadani, nikauza kwa bei ya kutupa.

Nyasi hazikuwa chache. Zikishakauka, protini yake hushuka chini ya asilimia 7, na hapo vijidudu vya tumboni, ambavyo ndivyo vinavyomeng'enya nyasi, vinadhoofu kwa kukosa chakula chao. Nyasi inakaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anajiona ameshiba, anaacha kula. Anakonda tumbo likiwa limejaa. Pumba zinampa nguvu, lakini protini yake ni ndogo. Ukimpa nyingi bila kitu kingine, anakula pumba na nyasi anaziacha.

Siku hizi asubuhi naanza na kinyesi zizini. Kikiwa kikavu, kimepandana tabaka kwa tabaka, nakipasua kwa kijiti. Nikikuta nyuzi ndefu za nyasi ambazo hazijasagika, najua protini imekwisha. Kikiwa kimetandaa kama uji mzito na nyuzi zake ni fupi, tumbo linafanya kazi. Mbavu hukupa habari hiyo hiyo wiki nyingi baadaye, kilo zikiwa zimeshapotea.

Dawa yetu huku ni mashudu ya pamba, yaani makapi ya mbegu za pamba zilizokamuliwa mafuta, yenye protini nyingi, kwa kuwa viwanda vya kuchambua pamba na kukamua mafuta tunavyo Shinyanga na Simiyu. Nanunua wakati viwanda vinakamua, kabla wafugaji wote hawajashtuka. Mwisho wa Julai naanza na nusu kilo kwa kila ng'ombe mzima, wiki inayofuata kilo moja kwa siku. Nawapa jioni wakirudi machungani, kwenye hori ndefu, ili madume wasiwafukuze mitamba. Ndama wadogo siwapi kabisa: mashudu ya pamba yana sumu ya gosipoli, na tumbo la ndama bado halina uwezo wa kuipunguza makali.

Kilo hiyo moja inamfanya ng'ombe ale nyasi kavu nyingi zaidi, kwa hiyo nyasi lazima ziwepo, na maji pia. Ndiyo maana naitunza ngitili yangu, yaani eneo la malisho ninalolihifadhi kwa ajili ya kiangazi. Naifunga mvua zikianza, naifungua kiangazi kikikaza, kama walivyofanya wazee wetu wa Kisukuma, desturi ambayo HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulisaidia kuirudisha mkoani kuanzia 1986. Mashudu bila ngitili ni hasara tupu.

Wale ninaotaka kuwauza nawatenga siku 90 kabla ya mnada. Hao ndio nawaongezea pumba na molasi juu ya mashudu, kidogo kidogo, na hapo pumba zinalipa.

Kuhusu urea, ambayo vijidudu vya tumboni huigeuza kuwa protini, naomba unisikilize vizuri. Matofali ya kulamba ya urea na molasi yanasaidia kweli, nami nimeyatumia. Lakini mvua ya kwanza ya Novemba ilinyesha usiku, tofali likayeyuka horini, na alfajiri maksai wawili wakanywa yale maji. Walianza kutetemeka, povu likawatoka, matumbo yakavimba. Mmoja tulimwahi kwa siki na maji mengi ya baridi. Mwingine alikufa kabla mtaalamu wa mifugo hajafika. Weka tofali chini ya paa, toboa hori matundu chini, na usimpe urea ng'ombe mwenye njaa kali wala ndama.

Mvua zikishika na majani mabichi yakaota, mashudu nayasimamisha, lakini chumvi ya madini naendelea kuwapa. Majani ya masika yana protini, lakini fosforasi mara nyingi ni haba kwenye udongo wetu. Ukimwona ng'ombe anatafuna mfupa malishoni, usimpuuze. Anatafuta fosforasi, na mfupa wa mzoga unaweza kuwa na sumu ya kumpooza. Mnyang'anye, kisha nenda kanunue chumvi yenye fosforasi siku hiyo hiyo.