Gari lisitengenezwe kabla ya kukaguliwa
Dada, pole kwa ajali ya mdogo wako pale Uyole. Kwa kuwa unasema mwenye daladala iliyohusika anataka kulipeleka gari gereji wiki hii, nenda leo polisi usalama barabarani, uombe kwa maandishi lisiguswe kabla mkaguzi wa magari hajakamilisha ripoti yake, kwani breki zikishabadilishwa ni vigumu mno kuthibitisha zilikuwa katika hali gani siku ile. Alama za matairi usizitegemee. Kwa mvua za Mbeya, bila shaka zimekwisha kufutika, labda awepo aliyezipiga picha. Nguo na viatu alivyovaa mdogo wako siku ile msivioshe: vikaushwe kivulini, kisha vitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni unaotunza unyevu na kuozesha damu, na juu yake iandikwe tarehe na jina la aliyevihifadhi. Nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), picha za eksirei na risiti za matibabu zikae pamoja. Namba ya usajili ya gari pia iandikwe, kwa sababu ndiyo itakayoonyesha kampuni ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima.